Kingo nimemaliza, katikati kumenishinda: jibu kwa muuguzi mstaafu wa Nyakato

Swali: "Fundi, habari za siku. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Nyakato hapa Mwanza. Binti yangu aliyeko Ujerumani aliniletea pazo, ule mchezo wa kuunganisha vipande mpaka picha itimie, ya vipande 1000, picha ya kasri la Neuschwanstein, juu anga tupu, chini msitu. Leo ni wiki ya 3. Kingo nimezimaliza, ila upande mmoja unakataa kufunga, na katikati sijui niingilie wapi. Nikilitazama lile rundo nachoka kabla sijaanza. Mzee wangu anasema huo ni mchezo wa chekechea. Mtu mwingine kaniambia pazo inazuia usahaulifu wa uzeeni, ni kweli? Na niiweke wapi, maana meza ya kulia ni hiyo hiyo moja na wajukuu ninao 3 nyumbani?"

Jibu: Dada yangu, mwadila. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga hilo kasri mwaka 1869, akafariki 1886 halijaisha. Wewe una wiki 3 tu, bado hujachelewa.

Tuanze na huo upande unaokataa, kwa sababu kosa la kwenye kingo litakufuata mpaka kipande cha mwisho. Hesabu. Pazo nyingi za vipande 1000 zimekatwa kwa mistari ya wima na ya ulalo, kama majaruba ya mpunga: ama safu 25 zenye vipande 40 kila moja, ama safu 27 zenye vipande 38. Hiyo ya pili ukizidisha unapata 1026, na boksi linaandika 1000 bila haya. Bahati nzuri, kwa mikato yote miwili vipande vya pembeni pamoja na kona ni 126. Ukizipata 126 zako, hakuna kilichopotea, ila kuna kilichokaa kwa jirani. Sasa hesabu upande mmoja mmoja, kona uihesabu pande zote mbili. Wa juu lazima ulingane na wa chini, wa kushoto na wa kulia. Ukikuta juu 41 na chini 39, umeshampata mhamiaji, na nina hakika amejificha kwenye anga, maana huko rangi ni moja na kipande kisicho chake kinaweza kuingia vizuri tu. Pitisha ncha ya kidole juu ya kila kiungo. Kilichokaa mahali pake hukihisi. Cha kulazimisha kina kangazi kadogo, au ukikiinua na kumulika tochi kwa nyuma unaona mwanga unapenya. Usikigonge na ngumi kikubali. Kipande cha kweli hakihitaji ngumi.

Hapo kwenye katikati ndipo penye kazi, na nadhani nimeshaelewa unachofanya, kwa sababu karibu kila anayekuja kwenye meza yangu ya pazo hapa Kirumba huanza hivyo hivyo. Unaokota kipande, unakitazama, unalitazama boksi, unatafuta kinakaa wapi. Hupaoni. Unakirudisha kwenye rundo. Kesho unakiokota kile kile, hukikumbuki, unaanza upya. Kwa mwendo huo hata mimi ningechoka.

Wewe mchele umeuchambua tangu usichana wako. Hakuna mtu anayelitazama sinia zima akasema leo nitaumaliza wote kwa macho. Unavuta kidogo kwa kiganja, mawe huku, chuya kule, mchele safi unausukuma upande wa pili, na wala huulizi kila punje itaishia kwenye sufuria gani. Pazo ni hivyo hivyo. Kwa siku 2, usiunganishe kitu. Chambua tu. Pindua vipande vyote vitazame juu, halafu vigawe, na usitafute mahali pa kipande hata kimoja. Mikono itakuwasha, najua.

Vyombo vya kuchambulia unavyo tayari. Vifuniko vya boksi za viatu vinafaa sana, masinia nayo, na ukiwa na trei za mayai zile za karatasi ngumu, ziweke kwa ajili ya vipande vya thamani, vile ambavyo ukiviona tu unajua ni dirisha la mnara au ncha ya paa. Kwa picha yako ningefanya mafungu 5. Kuta nyeupe zenye madirisha. Mapaa ya kijivu-buluu. Msitu. Anga. La 5 ni la mipakani: kipande chochote ambacho vitu viwili vinakutana ndani yake, paa na anga, mti na ukuta, ukuta na kivuli chake. Kiwe na mstari hata mwembamba kama uzi, kitie humo.

Hilo fungu la mipakani ndilo dhahabu yako. Kabla ya kustaafu nilikuwa mchora ramani, na katika kazi ile tulikuwa tukianza na mwambao. Ukishapata mwambao wa ziwa, visiwa vinajua pa kukaa. Chora pwani ya Ukerewe vibaya na Ukara yote itakuwa imehama. Kwenye kasri lako, mstari unaotenganisha mapaa na anga ndio mwambao. Una vipande 60 au 80 hivi, na kila kimoja kinasema kitu. Uunganishe huo kwanza, utaona kasri linasimama lenyewe, halafu kuta zinajaa chini yake kwa siku 2 au 3. Madirisha yana safu. Dirisha moja likipatikana linakuonyesha la pili. Mnara mrefu ni kazi ya jioni moja.

Msitu usiuogope. Kwa mbali ni rangi moja, lakini sogeza macho: miti ya karibu ina majani makubwa yanayoonekana moja moja, ya mbali ni vidoti. Panga kwa ukubwa wa vidoti, si kwa rangi.

Anga sasa. Watu wengi huiacha pazo kwenye anga, wakairudisha kwenye boksi, wakasema macho yamezeeka. Macho hayajazeeka. Njia ndiyo inabadilika, kwa kuwa picha haikusaidii tena na unabaki na mambo mawili.

La kwanza ni mpauko. Nenda Capri Point asubuhi isiyo na mawingu, tazama ng'ambo ya ziwa. Utosini anga ni buluu iliyokolea, na kadiri macho yanavyoshuka kuelekea maji linapauka mpaka linakaribia weupe. La Bavaria haliko tofauti. Basi vipande vyako vya anga vipange kwenye sinia kuanzia kilichokolea mpaka kilichopauka, kama unavyopanga vitambaa dukani. Ifanye kazi hii mchana, karibu na dirisha. Chini ya tyubu nyeupe usiku buluu zote zinafanana, na ukikosea hapo utajilaumu bure.

La pili ni umbo. Kipande cha katikati kina pande 4, na kila upande una ama sikio lililotokeza ama shimo. Ukivichunguza vyote duniani, kwa mkato huu wa majaruba, utapata aina 6 tu: masikio 4, masikio 3 na shimo 1, masikio 2 yanayotazamana, masikio 2 yaliyo jirani, sikio 1 na mashimo 3, na mashimo matupu. Chambua anga kwa aina hizo. Halafu usiulize tena "kipande hiki kinakaa wapi", uliza "pengo hili linataka nini". Pengo linataka sikio juu, shimo kulia, sikio chini, shimo kushoto? Chukua fungu la masikio yanayotazamana peke yake, yenye rangi ya kimo hicho, jaribu kimoja kimoja kwa mstari bila kuruka. Badala ya vipande 200 unajaribu 20 au 30. Kisha kuna siri ndogo: vipande vingi si mraba kamili. Pazo ya sentimita 70 kwa 50 yenye safu 25 za vipande 40, kila kipande kina upana wa 1.75 na kimo cha 2. Tofauti ni ndogo lakini jicho likishazoea unaweza kuvisimamisha vipande vyote vya anga upande wake sahihi kabla ya kuvijaribu, na kazi inapungua nusu nyingine. Pima kingo zako kwa rula ujue zako zimelalia upande gani.

Nikiri, sehemu hii ya anga ndiyo niipendayo kuliko zote. Hakuna cha kufikiria, mkono unakwenda, redio inaongea, chai inapoa.

Kuhusu mahali. Meza ya kulia iache kwa chakula. Mwambie fundi seremala akukatie plaiwudi. Karatasi moja ni futi 8 kwa 4, hutoa ubao 4 wa futi 4 kwa 2, na ubao mmoja unatosha pazo ya sentimita 70 kwa 50 na nafasi ya kuchambulia pembeni. Chagua ya milimita 6. Ya 3 inapinda ukiibeba na kazi yako yote inamwagika. Apigilie ukingo wa papi ndogo, yaani vibao vyembamba, kuzunguka, vipande visiteleze. Ubao huo wa pili usiutupe, unakuwa kifuniko. Jioni unafunika, unasukuma chini ya kitanda, wajukuu wanacheza juu yake na hawajui. Wapo wanaotandika blanketi wakaviringisha pazo kwenye bomba la plastiki la inchi 4. Inawezekana, lakini kila unapoiviringua kuna kona imeachia, na mimi uvumilivu huo sina.

Usiiweke kwenye dirisha linalotazama ziwa. Upepo wa ziwani unaingia nchi kavu mchana mpaka jioni. Kwangu pazia lilijaa upepo kama tanga, likafagia mapaa yote ya pazo yangu ya kijiji cha Uswisi mpaka chini ya kabati. Na ukikaa karibu na maji, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu kufuata taa, usiku wao funika kabisa na ukalale.

Unyevu ni adui wa polepole. Pazo hizi ni karatasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, na karatasi hunywa hewa. Masika vipande vinabana, kiangazi vinalegea. Niliwahi kujiona mjanja: kabla ya kumwazima mtu pazo nilikuwa naipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito juu ya boksi, ili ikirudi nijue kama imepungua. Ya kwanza ilirudi imeongezeka gramu 14. Nikadhani kaweka vya kwake. Kumbe ilitoka kwangu Agosti ikarudi Aprili katikati ya mvua. Kipande kimoja hakifiki hata gramu 1, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa ya kuchekesha, na mizani nikamrudishia mama watoto apimie unga. Unapoihifadhi, tia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, na boksi liwe kabatini, si sakafuni. Mchwa hawasomi kilichoandikwa juu.

Wajukuu usiwafukuze. Wape fungu lao, mnara mmoja au mlango wa kasri, wawe na sinia lao. Ila iangalie mikono yao. Kuna mtoto hapa mtaani alikuwa anakificha kipande kimoja mfukoni kila tulipokaribia mwisho, ili yeye ndiye aje akitie cha mwisho mbele ya watu wote. Tulitafuta mpaka kwenye takataka za ufagio. Sasa tumekubaliana: anayekuja kila siku, cha mwisho ni chake, hahitaji kukiiba.

Mzee anasema ni mchezo wa chekechea. Ana haki nusu. Ulianza kwa watoto, hata wa ikulu. Katika miaka ya 1760 mchonga ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao mwembamba wa mbao, akaukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, akauuza kuwa kifaa cha kufundishia jiografia. Bibi Charlotte Finch, aliyekuwa mlezi wa watoto wa Mfalme George wa Tatu, aliwafundishia ramani za aina hiyo. Zile za mwanzo hazikuwa na masikio katikati. Mtoto akipiga chafya, Ulaya nzima inatawanyika. Jina lake la Kiingereza, jigso, lilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, likitokana na msumeno uliotumika kukatia. Mafundi wetu wa mbao wanao, wanauita hivyo hivyo.

Kisha watu wazima wakaunyang'anya. Marekani ilipoangukiwa na uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1930, pazo za karatasi ngumu zilizokatwa kwa mashine zikawa bei ndogo, na mwanzoni mwa 1933 mauzo yalifika pazo milioni 10 kwa wiki. Hata watu wasio na kazi walizipanga, na maktaba zikawa zinaazimisha pazo kama vitabu. Siku hizi kuna mashindano ya dunia. Ya kwanza yalifanyika mwaka 2019 huko Valladolid, Hispania, na mtu mmoja mmoja hupewa vipande 500 na saa inaanza kuhesabu. Walio bora wanamaliza chini ya saa 1. Mwambie mzee aende akawaite chekechea. Mimi mashindano hayanivutii, kukimbizana na saa nilikuacha kazini.

Usahaulifu. Hapa wewe muuguzi, nisikudanganye. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulm, huko huko Ujerumani aliko binti yako, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 100 wenye miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilipanga pazo angalau saa 1 kwa siku kwa siku 30 nyumbani kwao, lingine halikupanga. Walichokuta ni kwamba mchezo huu unashughulisha uwezo mwingi wa akili kwa pamoja: kuona maumbo, kuyageuza kichwani, kukumbuka, kufikiri haraka. Na waliokuwa wameupanga kwa miaka mingi maishani walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo hivyo. Lakini zile siku 30 peke yake hazikuleta badiliko la maana. Halafu hilo la miaka mingi lina maswali yake, maana huenda mwenye akili inayoona maumbo vizuri ndiye anayeupenda mchezo tangu mwanzo. Kwa hiyo yule aliyekwambia "inazuia" amezidisha chumvi. Dawa ya presha, kama unatumia, endelea kumeza, matembezi ya jioni usiyaache, na pazo panga kwa sababu unaipenda. Kila baada ya dakika 40 simama, mgongo na shingo zako zitakushukuru kuliko ubongo.

Ukishamaliza, watu watakushauri uipake gundi uitundike ukutani. Sipendi. Pazo iliyogandishwa imekufa. Ya boksini inasubiri mtu mwingine. Ivunje, ibadilishane na mwenzako. Ukitaka nyingine usisubiri mpaka binti aje likizo: pitia soko la Mlango Mmoja siku mitumba ya vitu vya watoto inapofunguliwa, mara nyingine zinajitokeza katikati ya midoli. Boksi lililo wazi usilinunue kabla hujazipata kona 4 zote. Kama kona zipo, aliyekuwa nayo alikuwa mtu makini. Na ukipenda ya kwetu, chapisha picha kwenye karatasi ya A3 steshenari, ibandike kwa gundi nyeupe ya maseremala kwenye plaiwudi ya milimita 3, ilale siku 1 chini ya vitabu vizito, halafu fundi mwenye jigso ya meno madogo aikate vipande 60 au 70. Kwa chekechea nimekata visiwa vya ziwa: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo. Watoto wa Kirumba wanagombania Ukerewe kwa sababu ndicho kikubwa kuliko vyote, na Ukara hubaki mezani mpaka mwisho.

Na huyo mzee, usimwite. Ukishaunganisha mstari wa mapaa, iache ubaoni bila kifuniko mchana mmoja, na pembeni, kwenye trei ya mayai, weka vipande 4 vya dirisha moja la mnara, vimetazama juu. Kisha nenda jikoni.